Geti Moja, Bei Mbili: Mafunzo Niliyopata Nikiwapeleka Wageni Hifadhini

Kazi ya kuongoza watalii kaskazini mwa Tanzania humfundisha mtu majina ya ndege, tabia za simba na uvumilivu wa foleni ya getini. Humfundisha pia kujibu swali moja ambalo nimeulizwa kwa kila lafudhi: mbona mimi nalipa zaidi yako? Serengeti, msimu wa wageni wengi, mtu mzima asiye wa Afrika Mashariki analipa dola 70 kwa siku. Ukiongeza VAT ya asilimia 18 inafika dola 82.60. Mtanzania analipa Sh 10,000, na pamoja na VAT inakuwa Sh 11,800. Zigeuze dola hizo ziwe shilingi, utakuta mgeni kalipa zaidi ya mara 15 ya alicholipa mwenyeji aliyeketi naye gari moja.

Naiunga mkono tofauti hiyo. Ila naiunga mkono kwa masharti, na mafunzo yafuatayo ndiyo yaliyonipa masharti hayo.

1. Mgeni hagombi na bei, anagomba na kushtukizwa

Mgeni aliyetumiwa mchanganuo mapema, akajua Ngorongoro ni dola 70.80 kwa kichwa, gari kushuka kreta ni dola 295 na Serengeti ni dola 82.60 kwa siku, hufika geti la Naabi Hill akiwa hana habari tena na hesabu. Anatafuta choo na kivuli. Anayeleta kesi ni yule aliyeuziwa safari kwa bei ya mkupuo, akafika getini, akainua macho kwenye bango la viingilio na kuona safu mbili: moja ya dola, moja ya shilingi. Hata kama kampuni haikumwongezea senti, moyoni keshaamua kwamba ameibiwa. Zipo kampuni zinazoficha mchanganuo kwa hofu kwamba mteja atakimbilia kwa jirani. Lawama ya kuficha huko humwangukia dereva, ambaye hata ankara yenyewe hajaiona.

Mwalimu mmoja mstaafu kutoka Ujerumani hakukasirika. Yeye alitaka mjadala. Nikampa jibu langu la kila siku: mwenyeji analipa kodi mwaka mzima, na kodi hiyo ndiyo inayojenga barabara na kulipa mishahara, wakati wewe mchango wako ni wa siku chache. Akatafuna karanga zake taratibu, akasema, “Jumba la opera la mji wetu nalo linaendeshwa kwa kodi yetu. Ukija wewe kutoka Arusha, utakata tiketi kwa bei ileile ninayokata mimi.”

Hoja ilikuwa na uzito. Jibu la kodi peke yake halikutosha, ikabidi niende mbali zaidi.

2. Anayeishi na tembo amekwisha kulipa

Opera haitoki usiku kwenda kula mahindi ya mtu. Tembo wanatoka. Katika vijiji vya Bunda na wilaya ya Serengeti upande wa magharibi, na huku Karatu chini ya msitu wa Ngorongoro, mahindi yakianza kukomaa mkulima analala shambani na debe lake la kupiga kelele. Fisi anachukua mbuzi, simba anachukua ng'ombe. Serikali ina utaratibu wa kifuta jasho kwa mazao na mifugo, na kifuta machozi kwa aliyejeruhiwa au familia iliyofiwa. Hakuna mkulima atakayekwambia kwamba malipo hayo yanalingana na alichopoteza.

Na historia yenyewe ina deni. Mwaka 1959 Wamaasai waliokuwa wakichunga Serengeti walihamishiwa upande wa Ngorongoro ili hifadhi ibaki ya wanyama peke yao. Nyasi ambazo mgeni anazipiga picha zilikuwa malisho ya watu. Kisha kuna hesabu ya ndani ya nyumba: kwa miaka mingi hifadhi chache zinazopendwa, Kilimanjaro na Serengeti zikiwa mbele, ndizo zilizozibeba zile zisizopata wageni wengi, mfano Katavi na Rubondo. Dola ya aliyepanda Kilimanjaro ililinda sokwe na viboko ambao hakuwahi kuwasikia.

Nilimweleza hayo yule mwalimu. Alisikiliza, akakubali, halafu akauliza swali lililonishinda kuliko la kwanza: “Na huyo mkulima wa Bunda, amewahi kuingia Serengeti?”

3. Sh 11,800 haimfikishi mtu Serengeti

Watu wengi wanaotetea bei mbili huishia kwenye bango. Wanaona Sh 11,800, wanasema mwananchi amependelewa, hadithi imekwisha. Lakini hakuna daladala la kwenda kuangalia simba. Ndani ya hifadhi hutembei kwa miguu upendavyo. Unahitaji gari, na gari lenye paa la kunyanyuka linakodishwa kwa laki kadhaa kwa siku. Weka mafuta, kiingilio cha gari, posho ya dereva, pa kulala na chakula. Ukitokea Arusha unapita Ngorongoro, na huko nako unalipia. Mwalimu wa shule ya msingi mwenye mke na watoto wawili akikaa mezani na kalamu, atagundua kwamba kiingilio ndicho kitu kidogo kuliko vyote kwenye karatasi yake.

Ndiyo maana Watanzania wengi wameiona Serengeti kupitia dirisha la basi la Arusha kwenda Musoma. Wengine wameiona Mikumi wakiwa safarini kutoka Dar es Salaam kwenda Iringa, maana barabara kuu inaikatiza hifadhi hiyo kwa kilomita 50 hivi. Pundamilia na twiga wa pale unawaangalia bure, mradi dereva asimgonge mmoja wao. Faini ipo, na inatofautiana kwa mnyama. Hiyo ndiyo bei pekee ya hifadhini ambayo madereva wa malori wanaifahamu vizuri kuliko mimi.

Kinachofanya kazi, kwa nilivyoona, ni vikundi. Kwaya, chama cha kuweka na kukopa, walimu wa shule moja, kundi la WhatsApp la waliosoma pamoja. Wanachangishana miezi kadhaa, wanakodi Coaster, gharama inagawanyika hadi inakuwa ya kubebeka. Niliwahi kuwapeleka wanakwaya Tarangire kwa mtindo huo. Njia nzima ilikuwa nyimbo na maandazi, mpaka tulipofika mtoni na kukuta tembo zaidi ya hamsini chini ya mibuyu. Nyimbo zikakatika. Mama mmoja mzaliwa wa Karatu, aliyekulia kwenye nyumba ya kufukuza tembo usiku, aliwatazama muda mrefu kisha akamwambia mwenzake, “Kumbe mchana wana adabu hivi.”

Mama huyo alifika kwa sababu kwaya ilikuwa na mweka hazina makini. Bila Coaster, bei nafuu ya mwenyeji ingebaki kuwa maandishi kwenye bango. Sharti langu la kwanza kwa bei mbili liko hapa: sehemu ya dola za wageni iwanunulie watu wa vijiji jirani na shule zao usafiri wa kuingia, kila mwaka, kwa ratiba inayojulikana. Tukishindwa hilo, tunatoza wageni kwa jina la mwananchi ambaye hajawahi kuonekana getini.

4. Getini wanasoma karatasi, si sura

Angalau ndivyo inavyotakiwa. Nimebeba familia ya wakulima wa kahawa wenye asili ya Ugiriki, raia wa Tanzania, waliotoa vitambulisho vya NIDA na kulipa shilingi huku watalii wa gari la nyuma wakinong'onezana. Halali yao. Nimebeba pia mfanyabiashara wa Mwanza mwenye asili ya India ambaye kwenye geti moja alidaiwa kitambulisho, kisha akadaiwa tena, wakati mimi niliyesimama naye bega kwa bega sikuulizwa hata jina. “Kaka,” aliniambia tukirudi garini, “mimi ni kizazi cha nne hapa. Kisukuma nakijua kuliko wewe.” Ni kweli, Kisukuma sikijui kabisa. Kukagua vitambulisho ni sawa. Kumkagua mmoja na kumwacha mwingine ndiko kunakoharibu jambo. Wakaguliwe wote au asikaguliwe mtu.

Upande wa pili wa karatasi huwa mchungu zaidi. Nilikuwa na bibi mmoja kutoka Muscat, aliyekuja kutembea na mdogo wake anayeishi Unguja. Wamezaliwa nyumba moja. Mdogo mtu alilipa shilingi. Dada mtu, mwenye pasipoti ya Oman, akatajiwa dola. Akamwangalia yule kijana wa dirishani.

“Mie nimezaliwa Ng'ambo, mwanangu. Leo wanitoza kama Mzungu?”

“Shikamoo bibi,” kijana akajibu kwa upole. “Nakusikia. Lakini mfumo unasoma pasipoti.”

Mdogo wake akacheka mpaka akashika ukuta. “Dada, ulipohama ulihama na kiingilio chako!”

Tukalipa tukaenda. Tanzania haina uraia pacha kwa watu wazima, kwa hiyo aliyechukua pasipoti ya nchi nyingine amehama safu, hata kama kitovu chake kimezikwa Tanga.

Jumuiya ya Afrika Mashariki nayo imechora mstari wake. Raia wa nchi wanachama wanalipa kama Mtanzania, na tangu Kongo ijiunge mwaka 2022, mfanyabiashara wa Lubumbashi analipa shilingi. Mzambia wa Nakonde, ambaye mtaa tu ndio unaomtenganisha na Tunduma, analipa dola sawa na aliyepanda ndege Tokyo. Kuna safu ya katikati pia: mgeni mwenye kibali cha kuishi nchini analipa nusu ya dola za mtalii. Muuguzi wa kigeni anayewatibu watu wetu anastahili walau hiyo.

5. Ukitaka kuipima bei ya mgeni, kuwa mgeni

Shangazi yangu alipelekwa Delhi kwa matibabu ya moyo, kama wanavyopelekwa wagonjwa wengi wa huku, na mimi ndiye niliyemsindikiza. Alipopata nafuu alinifukuza wodini kwa maneno yake mwenyewe: “Nenda ukaone hilo kaburi la watu, utakaa hapa unanihesabia pumzi mpaka lini?” Nikapanda treni kwenda Agra.

Kwenye dirisha la tiketi za Taj Mahal nilikutana na bango langu. Mhindi rupia 50. Raia wa nchi jirani kama Nepal na Sri Lanka, rupia 540. Mgeni, rupia 1,100. Anayetaka kuingia mpaka ndani ya kaburi lenyewe anaongeza rupia 200. Mara 22 kati ya safu ya kwanza na ya mwisho. Serengeti ilionekana ya huruma. Nilijikuta nikipiga hesabu ya shilingi kichwani, midomo ikicheza, kama wanavyofanya wageni wangu.

Hasira haikuja, na nilijichunguza kujua kwa nini. Kwanza, bei iliandikwa kubwa, wazi. Pili, kulikuwa na kitu mkononi: chupa ndogo ya maji, vitambaa vya kufunika viatu, na foleni fupi zaidi. Mgeni anayelipa mara nyingi zaidi na kupewa maji baridi ananung'unika kidogo. Anayelipa na kukuta choo kimefungwa anaandika barua. Hifadhi zetu zina wanyama ambao Agra haiwezi kuwaota, ila kwenye vyoo na kivuli cha kusubiria kuna mageti yanayotuaibisha.

Lakini kwenye foleni ile niliona pia udhaifu wa utaratibu mzima. Mbele yangu alisimama daktari kutoka Chicago, na mimi ninayelipwa shilingi nikatoa rupia zilezile alizotoa yeye. Foleni ya pili, tajiri wa Mumbai aliyeshushwa na gari la kifahari alilipa rupia 50 pamoja na fundi cherehani. Bei mbili inajua nchi ya mtu, haijui mfuko wake. Kwetu ni vivyo hivyo: mwenye viwanda wa Dar es Salaam analipa Sh 11,800, na mwanafunzi wa Malawi aliyejibana mwaka mzima analipa dola. Sijaona geti linaloweza kupima mifuko bila kugeuka ofisi ya kodi, kwa hiyo naukubali udhaifu huo. Naomba tu tusiuite haki kamili.

6. Bei ya mdomo ni jambo jingine

Mto wa Mbu, ndizi nyekundu ina bei mbili pia, ila moja imeandikwa usoni kwa mteja. Wageni huchanganya hayo mawili na kuyaita wizi. Bei ya geti imetangazwa, ina risiti, haibadiliki kwa sababu umevaa kofia nzuri. Ya sokoni ni mazungumzo, na mgeni ana ruhusa ya kuzungumza. Nikishawaeleza hivyo, wengi hununua ndizi kwa bei ya juu na kufurahia mabishano.

7. Bei ikipanda ghafla, mgeni hapunguzi hamu, anapunguza siku

Wanaopanga viingilio hufikiri kwamba mtu aliyelipa nauli ya ndege kutoka Ulaya hatashindwa na dola chache. Kwa tajiri ni kweli. Wateja wangu wengi, hata hivyo, ni wafanyakazi waliojiwekea akiba, na viingilio vyetu vinahesabiwa kwa siku. Vikipanda, hawaghairi safari: wanakata usiku mmoja Serengeti. Usiku huo mmoja ni kitanda kimoja cha hoteli, chakula kimoja kilichopikwa na kijana wa Mugumu, posho moja ya dereva, bakshishi moja. Mgeni haoni alichokosa. Sisi tunakiona.

Maasai Mara, inayosimamiwa na Kaunti ya Narok, imekuwa ikitoza wasio wakazi dola 100 kati ya Januari na Juni na dola 200 kati ya Julai na Desemba tangu 2024. Siwezi kusema wamekosea. Magari yanayojazana mtoni nyumbu wakivuka yanahitaji kupunguzwa, na bei ni njia mojawapo. Rwanda ilipopandisha kibali cha kuona sokwe wa milimani kutoka dola 750 hadi 1,500 mwaka 2017, mara moja, baadhi ya wageni walitua Kigali na kuendesha gari mpaka Bwindi, Uganda, kwa sokwe wa bei nafuu zaidi. Wengine walilipa bila kusita.

Kinachowaumiza watu wa kazi yangu ni taarifa fupi. Safari huuzwa miezi mingi kabla, pengine mwaka mzima. Bei mpya ikitangazwa ianze baada ya wiki chache, kampuni ndogo inabaki na mikataba ya bei ya zamani, na tofauti inatoka mfukoni mwa mwenye kampuni au inakatwa kwenye posho ya dereva. Sharti langu la pili ni hili: mwaka mmoja wa notisi, bila ubaguzi.

8. Waliokuwa wakitushangaa wameanza

Wageni wa Ulaya walizoea kuniambia kwamba kwao jambo hili haliwezekani. Kati yao wenyewe ni kweli: mwaka 2003 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliihukumu Italia kwa kuwapa wazee wake nafuu kwenye makumbusho na kuwanyima wazee wa nchi nyingine za Umoja. Ila kinga hiyo ni ya Wazungu kwa Wazungu. Kuanzia Januari 2026 Louvre ya Paris inamtoza mgeni wa nje ya eneo la uchumi la Ulaya euro 32 badala ya 22, kwa hiyo Mtanzania anayetaka kumwona Mona Lisa ajipange. Mwezi huohuo Marekani ilianza kuwatoza wasio wakazi dola 100 za ziada kwenye hifadhi 11 zinazotembelewa sana, Yellowstone na Grand Canyon zikiwemo. Japani, mji wa Himeji ulikuwa na wazo la kuwatoza wageni wa kigeni zaidi kwenye ngome yake maarufu; mwishowe ukaamua kutofautisha wakazi wa mji na watu wengine wote, Wajapani wa miji mingine nao wakiwemo. Hilo la Himeji nalipenda kuliko yote, kwa sababu anayefaidi ni jirani wa ngome, awe na pasipoti ya wapi.

Siku hizi Mmarekani akiniuliza swali lile la zamani, namuuliza Yellowstone ni kiasi gani kwa mtu kama mimi. Mazungumzo hugeuka haraka.

Wenye mamlaka ya hifadhi zetu basi wayafanye mambo hayo mawili: usafiri kwa majirani wa hifadhi na notisi ya mwaka kwa wanaouza safari. Na wewe msomaji uliye Tanzania, usingoje Serengeti. Mikumi kiingilio ni Sh 5,900 pamoja na VAT, na treni ya SGR inakufikisha Morogoro. Tafuteni watu wa kujaza Coaster, gawaneni gharama, na kila mtu abebe kitambulisho chake. Watoto wa chini ya miaka 5 hawalipiwi kiingilio.